Ugonjwa haukumlipia deni: Thane Krios nikimtazama kutoka Ujiji

Mara ya kwanza tunapokutana na Thane Krios, mhusika wa gemu, anashuka kutoka darini. Tuko kwenye sayari ya Illium, juu kabisa ya Minara ya Dantius, katika ofisi ya Nassana Dantius, tajiri ambaye kwa woga wa kuuawa amewaachia walinzi wake wawaue hata vibarua wanaomjengea jengo lake. Thane anatua kimya, anawamaliza walinzi, kisha anamgeukia bibi yule na kumpiga risasi ya tumbo. Kufikia hapo ni muuaji wa kukodiwa kama wengine tuliowazoea kwenye magemu. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niweke pedi chini. Anamdaka asianguke. Anamlaza polepole juu ya meza yake, anamkunjia mikono kifuani, halafu anainamisha kichwa na kuanza kuomba.

Njiani kuelekea ofisi ile tumekwisha kuwakuta vibarua waliofungiwa vyumbani. Yeye ndiye aliyewafungia, ili risasi za walinzi zisiwafikie. Na Kamanda Shepard, ambaye ndiye mimi na wewe tulioshika pedi, anapotaka kujua anamwombea nani, Thane anajibu kwamba hamwombei marehemu. Anajiombea mwenyewe.

Mchezo ni Mass Effect 2, kazi ya BioWare ya Kanada, uliotoka mwaka 2010. Wa kwanza ulitoka 2007, wa tatu 2012, na mwaka 2021 yote mitatu ikatolewa upya kwa pamoja, picha zikiwa zimesafishwa. Hapa Ujiji huukuti kwenye mabanda ya gemu. Mabanda yanaishi kwa mpira: vijana wawili, pedi mbili, dakika chache, anaingia mwingine. Mchezo wa saa nyingi, wenye mazungumzo marefu ya Kiingereza, hauna biashara pale. Kwa hiyo nimekuwa nikiusimulia kwa mdomo, barazani, kwa wadogo zangu na rafiki zao, na kila nikifika kwa Thane hukumu ni ileile: "Huyo kaua sana, sasa Mungu kamrudishia."

Kwa sababu Thane ni mgonjwa, na ugonjwa wake hauna dawa. Unaitwa Sindromu ya Kepral. Unaanza kwenye mapafu: kidogo kidogo yanashindwa kuichukua oksijeni na kuipitisha kwenye damu, halafu unasambaa kwenye viungo vingine hadi mwili unagoma. Tunapompata tayari anajua kwamba hana miaka mbele yake. Shepard anakusanya watu kwa safari ambayo huenda hakuna atakayerudi, na Thane anakubali kwenda bila kudai hata senti, kwa kuwa hatari ya kufa haimtishi tena.

Hukumu ya barazani naielewa. Sisi tumelelewa na "malipo ni hapa hapa duniani". Mtu aliyedhulumu shamba la yatima akipooza mkono, mtaa mzima unajua kwa nini. Bibi aliyekuwa na ulimi mkali akivimba koo, watu wanatazamana. Lakini kwa Thane hukumu hiyo haishiki, na waandishi wa mchezo wamehakikisha haishiki, kwa sababu wameupa ugonjwa wake chanzo ambacho hakina uhusiano wowote na bunduki.

Thane ni mtu wa jamii ya drell. Kwao kulikuwa Rakhana, sayari kavu ya jangwa, iliyozidiwa na watu na kuishiwa kila kitu. Walipokaribia kwisha, walifikiwa na hanar, viumbe wa majini wenye minyiri, laini kama ute, wenye dini na adabu nyingi. Hanar waliwabeba drell 375,000 na kuwapeleka kwao, Kahje, sayari ambayo karibu yote ni bahari. Mabilioni waliobaki Rakhana walikwisha. Waliookolewa walipata chakula, nyumba na amani, na wakapata hewa yenye unyevu ambayo mapafu yao ya jangwani hayakuumbiwa. Hewa hiyo ndiyo inayoleta Kepral. Inampata muuaji na inampata mwoka mikate. Inampata mtoto ambaye hajawahi kumtukana mtu. Wala haiambukizi, kwa hiyo huwezi hata kusema kuna aliyemletea mwenzake.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika jambo hili halipaswi kutupa tabu. Wanawake wanaobanika migebuka kwa moshi wa kuni mchana kutwa wanakohoa. Wamemkosea nani? Kifua kinaumwa kwa sababu ya moshi, na moshi hausomi daftari la dhambi za mtu kabla ya kuingia puani.

Basi nikishaiondoa dhana ya malipo, ndipo Thane anapokuwa mgumu na mzuri zaidi. Maana kama ugonjwa haukutumwa kumwadhibu, basi pia haujamlipia kitu. Angeweza kuteseka miezi yote iliyobaki, akatapatapa kutafuta pumzi, akafa, na deni lake likabaki vilevile kama lilivyokuwa siku alipokuwa mzima. Alichokipata kwenye ugonjwa ni tarehe ya mwisho, basi. Kila kitu kingine ilibidi akifanye mwenyewe kwa miguu yake.

Na kwa miaka mingi hakukifanya, kwa kuwa alikuwa na falsafa ya kumlinda.

Thane alichukuliwa na hanar akiwa na umri wa miaka sita, kwa makubaliano ya wazazi wake. Kati ya drell na hanar kuna mapatano: waliookolewa hulipa fadhila kwa kufanya yale ambayo miili laini ya hanar haiwezi. Wengi wanafanya kazi za kawaida. Thane alifundishwa kuua, na alipoua kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na miwili. Drell wanaamini mwili na roho ni vitu viwili vinavyoweza kuachana. Kwa hiyo Thane alifunzwa, au alijifunza, kuiacha roho ilale wakati mwili unafanya kazi. Mwili ni silaha. Ukimuuliza nani aliua, atakwambia aliyeua ni yule aliyelipa. Yeye alikuwa bunduki, na bunduki haina kesi.

Nikiwa mkazi wa Kigoma siwezi kuipita sehemu hii haraka. Mkoa huu umepokea watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, na Wakongo waliovuka ziwa mwaka 1996 na kuendelea. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1996. Pamoja na watu zilikuja habari. Ng'ambo ya pili ya maji haya ninayoyaona nikitoka nje, wakati ule wa vita ya kumwondoa Mobutu, kulikuwa na askari watoto walioitwa kadogo, wengine bunduki ikiwazidi urefu. Mtu mzima aliyewahi kuwa kadogo unamhukumuje? Alipewa silaha kabla hajajua kuandika jina lake. Ukimwambia "wewe ni muuaji" umesema kweli, na ukimwambia "wewe ulikuwa mtoto" umesema kweli pia, na kweli hizi mbili hazifutani.

Ndiyo sababu nawalaumu waandishi kwa jambo moja. Wanamwacha Thane ayasifu yale mapatano mpaka mwisho. Anasema ilikuwa heshima, na hakuna drell anayelazimishwa. Labda kweli. Lakini mtoto wa miaka sita hakubali wala hakatai kitu. Waliolipa fadhila pale ni wazazi, na walilipa kwa mtoto. Katika mchezo wote hakuna mtu anayesimama mbele ya hanar na kuwaambia kwamba kuokoa watu ni jambo kubwa, ila watoto wao hawakuwa nauli. Sisi tuliopokea watu kwa vizazi tungepaswa kuwa wa kwanza kulisema.

Lakini Thane hakubaki mtoto. Alikua, akatoka kwenye utumishi wa hanar, na alipotoka akaendelea na kazi ileile kwa malipo, kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua. Hapo ndipo ile hoja ya bunduki isiyo na kesi inapoanza kunuka.

Aliyeivunja ni mwanamke. Thane alikuwa amemlenga mtu, nukta ya leza iko juu ya windo, kidole kiko kwenye kiwambo. Irikah, mpita njia asiyemjua yeyote kati yao, akaiona ile nukta na akajitupa mbele yake. Akatazama kule bunduki ilikotoka, macho yake yakaonekana ndani ya darubini, na hayakuwa na woga hata kidogo. Thane hakuweza kufyatua. Baadaye alimtafuta, akamwangukia, wakaoana, wakapata mtoto wa kiume, Kolyat. Jambo ninalolipenda ni kwamba Irikah hakumhubiria. Alimwona tu. Mtu akishakuona ukiwa na kidole kwenye kiwambo, huwezi tena kumwambia mkeo kwamba aliyekuwa pale ni chombo, wewe ulikuwa umelala.

Halafu Thane akaanza kusafiri. Kazi zikaendelea, safari zikawa ndefu, mke na mtoto wakawa peke yao. Watu aliowaudhi hawakuthubutu kumwendea yeye, wakawatumia watu wa jamii ya batarian, wakaenda nyumbani kwake wakamuua Irikah. Thane aliiamsha ile silaha iliyokuwa imelala, akawawinda wote, mmoja baada ya mwingine, na hakuwaua haraka. Mtoto alimwacha kwa ndugu wa mkewe. Miaka kumi hivi ikapita hajarudi kumwona.

Mashehe wetu wa Ujiji huwafundisha watoto wa madrasa masharti ya toba mapema kabisa. Uache kosa. Ujute. Uazimie kutolirudia. Na kosa likiwa linagusa haki ya mtu, uirudishe haki yake au umwombe radhi yeye mwenyewe, maana Mungu husamehe yaliyo baina yako na Yeye, ila ya mja humwachia mja. Wakatoliki nao wana majuto, maungamo na malipizi, na ukikaa nao utaona hofu ni ileile: kwamba mtu atamaliza yote kwa mdomo. Msibani kwetu, kabla maiti haijasaliwa, husimama mtu wa familia na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Hata kufa hakuondoi deni. Linahamia kwa warithi.

Mpime Thane kwa masharti hayo. Baada ya kila mauaji anaomba. Ana miungu yake: Amonkira, bwana wa wawindaji, anayemwomba mikono isitetemeke; Arashu, mama mlinzi; na Kalahira, wa bahari na wa wafu, anayemwomba msamaha. Sala zake ni nzuri, nami sina shaka zinatoka moyoni. Lakini anamaliza kuomba, anasimama, na kesho anamfuata mwingine. Anajuta bila kuacha. Na majuto yote yanakwenda juu, kwa Kalahira, hakuna hata chembe inayokwenda kando, kwa mtu. Hata kisasi chake kwa wauaji wa mkewe kilikuwa namna ya kukimbia. Kuwawinda watu kumi waovu, kwa mtu wa ufundi wake, kulikuwa rahisi kuliko kukaa chumba kimoja na mtoto mmoja anayeuliza mama yuko wapi.

Ugonjwa unapomfikia, anajaribu kulipa kwa njia aliyoizoea: anatafuta watu wabaya wa kuwaondoa duniani kabla hajaondoka yeye. Nassana alikuwa mmoja wao. Nadhani ni hesabu ambayo wengi wetu tungeifanya, mabaya kwa mema, kama mizani ya sokoni. Mchezo unaanza kuwa mkubwa pale unapomwonyesha kwamba mizani ile haipo.

Misheni yake inafanyika kwenye Citadel, kile kituo kikubwa cha angani ambako serikali zote zinakutana. Thane amepata habari kwamba Kolyat, sasa kijana, yuko pale na amekubali kazi ya kuua mtu. Amejua baba yake alikuwa nani, na njia pekee aliyoiona ya kumkaribia ni kushika kazi ya baba. Windo lake ni mwanasiasa, mtu wa jamii ya turian aitwaye Joram Talid. Shepard anatembea juu, kwenye madaraja membamba ya mafundi, akimfuata Talid kwa macho na kumpa Thane taarifa. Thane yuko kivulini anangoja mwanawe ajitokeze. Kwa mara ya kwanza mbinu zake zote za kuwinda zinatumika kuzuia risasi. Ukizembea njiani, Kolyat anaua, na umempoteza mtoto kwa namna ile ile aliyopotezwa baba.

Ukiwahi, baba na mwana wanasimama uso kwa uso nyumbani kwa Talid. Kolyat hana salamu. Anamwambia baba yake yale ambayo mtoto yeyote aliyeachwa angemwambia, na hasira yake haipambwi. Na Thane, mtu wa maneno laini na sala ndefu, anaacha sala. Anasema waziwazi: mama yako aliuawa ili nipatikane mimi, lilikuwa kosa langu. Hakuna roho iliyolala wala mwajiri. Kisha anamwambia kwamba duniani ameondoa mabaya mengi, ila jambo jema aliloliongeza ni moja tu, yeye Kolyat. Kijana analia. Hamsamehi. Mchezo hausemi amemsamehe, nami naushukuru kwa hilo.

Nina sababu yangu ya kuliamini tukio lile.

Baba yangu mdogo alikuwa na vipe vya kuvulia dagaa mwalo wa Katonga. Zamani, kabla sijazaliwa, usiku mmoja wa giza, ule wakati mwezi haupo na karabai zinavuta dagaa vizuri, kusi ilianza kuvuma tangu alasiri na vijana wake wakasita kuingia. Aliwaambia giza halingoji mtu. Waliingia, na mmoja hakurudi. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti. Ziwa lina desturi hiyo. Yeye mwenyewe, kila habari ilipoguswa, alisema neno moja: "Ziwa lilimchukua." Kwa mama wa yule kijana hakwenda, isipokuwa siku ya matanga, akiwa katikati ya watu wengi.

Uzeeni mapafu yake yalichoka. Alikuwa mvuta sigara wa siku zote. Mwishoni hakuweza kulala chali. Usiku alikaa kwenye mkeka, amejiinamia mbele, viganja juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayepanda mlima. Sentensi moja aliigawa mara tatu ili pumzi itoshe. Wako waliosema ni yule kijana anamdai. Niliwachukia waliosema hivyo, na bado sijabadilika.

Siku moja alitaka apelekwe Kibirizi. Tulimpakia kwenye bajaji. Kutoka barabarani hadi uani kwa yule mama ni hatua chache, lakini alizipumzikia. Yule mama alikuwa amekaa na ungo mapajani, anatoa mchanga na vijiwe kwenye dagaa. Alimkaribisha, akamwonyesha kigoda. Baba mdogo hakuzunguka. "Dada," alisema, akavuta pumzi, "siku ile mimi ndiye niliyewaambia waingie." Akavuta tena. "Si ziwa. Ni mimi."

Vidole vya yule mama havikusimama. Alitoa kijiwe, akakitupa, akatoa kingine. Kisha akasema, "Najua, kaka. Niliambiwa siku ile ile." Na baada ya kimya, "Umechelewa sana." Akainuka akamletea maji ya kunywa. Neno la kusamehe halikutoka, na baba mdogo hakuliomba mara ya pili. Kifua chake hakikupata nafuu yoyote baada ya hapo. Alipofariki, yule mama alikuja msibani, akakaa jikoni na wanawake wenzake akapika, na alipomaliza akaaga akaondoka.

Sisemi kwamba alilipa. Nasema kwamba alikwenda mahali deni lilipo. Thane naye, siku ile nyumbani kwa Talid, alikwenda mahali deni lilipo, baada ya miaka ya kulipeleka kwa Kalahira.

Mwaka 2012, katika mchezo wa tatu, tunamkuta hospitali ya Huerta Memorial, hapohapo Citadel. Amekonda sauti. Anakohoa katikati ya maneno. Kolyat anakuja kumtazama, na unaweza kuona kwamba kati yao kumekuwa na mazungumzo ambayo sisi hatukuitwa. Thane ametulia kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani waandishi wamemsahau. Sasa naona ni mtu asiye na la kukimbia tena. Kwa Shepard wa kike aliyempenda, maana mchezo unaruhusu, utulivu huo unauma zaidi, na wanaoicheza njia hiyo wananiambia walilia kuanzia hapo, kabla hata hajafa.

Halafu waandishi wanampa kifo cha upanga. Cerberus, kundi la siri lenye silaha, wanavamia Citadel, muuaji wao Kai Leng anamfuata diwani wa jamii ya salarian, na Thane, na mapafu yake yale, anaingia kati. Anapigana. Anachomwa. Diwani anapona. Mashabiki wengi wanaipenda sehemu hii kwa kuwa anakufa kishujaa. Mimi inanipunguzia. Mtu huyu tumekwenda naye tukijua atakufa kwa kukosa pumzi, kitandani, kama wanavyokufa watu wengi wa kwetu, na kifo cha namna hiyo hakionyeshwi kwenye magemu. Nilitaka kukiona. Nilitaka nikae kwenye kile kiti cha hospitali na kusikiliza, kama nilivyokaa na baba mdogo, kwa sababu kukaa kule kuna kazi yake na hakuna upanga unaoweza kuifanya. Hata hivyo nakiri kitu kimoja kwenye pigano lile: Thane hakwenda kuua, alikwenda kusimama mbele. Ni alichokifanya Irikah. Na safari hii hakuna mwajiri.

Saa yake ya mwisho mchezo unajisahihisha. Upanga umekwisha, kimebaki kitanda, mtoto na rafiki. Thane anaanza sala kwa Kalahira, Kolyat mwenye kitabu cha sala anaipokea, Shepard anaungana naye na wanasoma pamoja. Ni sala ya kuomba msamaha na safari njema ya kuvuka maji. Thane anakata roho. Ndipo Shepard anagundua kwamba maneno ya mwisho hayakumhusu maiti aliye mbele yao, na Kolyat anaeleza: baba alikwisha kuomba msamaha kwa ajili ya maisha aliyoyatoa. Sala hii hakuitaka kwa ajili yake. Aliitaka kwa ajili yako.

Kumbukeni tulikotoka. Pale Illium, mbele ya maiti ya Nassana, alijiombea yeye. Sasa mtu aliyekuwa akiomba kila mara juu ya miili ya wengine na kujiombea nafsi yake, analala mwenyewe pale miili ilipokuwa inalala, na sala inakwenda kwa aliyesimama. Sijui mchezo mwingine uliomgeuza mtu kiasi hicho bila kumhutubia mchezaji.

Bado kuna shimo moja, na kwangu ni kubwa. Kati ya wote aliowakosea, mwenye sauti ni Kolyat peke yake. Tena Kolyat ni damu yake. Wale aliowaua tangu akiwa na miaka kumi na miwili walikuwa na wake, waume, watoto, na hakuna hata mmoja anayepita kwenye korido ya Huerta. Na Thane ndiye mtu ambaye angeweza kukutana nao kuliko yeyote, kwa sababu drell hawasahau. Kumbukumbu yao haipungui. Ikigongwa na kitu kidogo wanarudi mzimamzima, wanaona rangi, wanasikia harufu, wanasema kwa sauti yale wanayoyaona. Katika mazungumzo yake ya faragha tumeona ikimtokea akimkumbuka mkewe, tumeona ikimtokea akikumbuka mauaji. Daftari lote analo kichwani, halijachanika ukurasa.

Ningepewa nafasi ya kuongeza tukio moja, lingekuwa hilo. Si pigano. Mwanamke wa makamo anaingia wodini, anavuta kiti, anamwuliza kama anamkumbuka baba yake. Thane hawezi kusema amesahau. Anaweza kumwambia siku, nguo aliyovaa, alikuwa anamwambia nani nini alipoanguka. Pengine ni jambo ambalo yule mwanamke amelitafuta maisha yake yote, na pengine akilisikia atampiga kofi na kuondoka. Kwa vyovyote angekuwa amejibiwa na aliyekuwepo.

Vijana wa barazani nimewaambia hili pia. Mmoja, baba yake ni mvuvi, aliniuliza kama Thane angekuwa na pumzi ya kutosha kumjibu mtu kirefu namna hiyo. Nilimwambia angeigawa.